Gramu Kumi Zinazogeuka Kilo Arobaini

(Hotuba kwa mafundi vijana wa magari, Gerezani, Dar es Salaam, Jumamosi asubuhi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, pamoja na makelele yake.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na waliobaki, habari za asubuhi.

Marahaba, marahaba. Kaeni jamani. Waliokosa viti wageuze ndoo za oili wakalie, ila ile silinda hedi pale msiikalie, ina mwenyewe.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie "umuhimu wa ubora katika ufundi". Mwenyekiti, naomba radhi. Hotuba hiyo hawa vijana wameshaisikia kwa kila mgeni rasmi aliyepita hapa akanywa soda yao. Mimi kwa miaka zaidi ya 30 kazi yangu ni kukereza vyuma na kusaga krenki, ule mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, kwa hiyo nitasema habari ya mtetemo wa injini, basi. Kuna mtetemo unaotibika kwa mizani na drili. Kuna mtetemo aliouzaa mwenyewe aliyechora injini, na huo hata ulale chini ya gari wiki nzima hutauondoa. Fundi asiyetofautisha hiyo miwili anakula hela ya mteja bila kujua, na mimi namwogopa huyo kuliko anayeila kwa makusudi. Mwizi siku moja huchoka. Huyu mwingine kesho atarudia, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Tazameni hii chupa ya maji mezani. Ipo hapa tangu nilipoitwa. Mnaona maji yanavyopiga viduara? Hakuna aliyegusa meza. Ile ni genereta ya jirani, ng'ambo ya uchochoro. Mtetemo wake umepita kwenye zege, ukapanda miguu ya meza, ukaingia kwenye maji. Kama umefika mpaka hapa, basi kule ulikotoka umeshatikisa beringi, nati, waya na bomba la mafuta kabla ya kutufikia sisi.

Sasa hili ni gurudumu la mbele la baiskeli yangu, Phoenix. Mke wangu anajua nimelichukua, msiogope. Nimefunga nati ya spana namba 17 kwenye spoki, kwa waya wa kufungia nondo. Nati hii ina gramu 10 na ushee. Kijana, njoo. Shika ekseli huku na huku, inua. Zungusha taratibu, acha. Imesimama wapi? Nati chini. Rudia. Chini tena. Upande mzito unatafuta ardhi kama mlevi anayerudi nyumbani. Hapo hatujawasha mashine yoyote na tumeshaujua upande mzito uko wapi.

Haya, izungushe kwa nguvu. Mikono inasemaje?

"Inanivuta, mzee."

Inakuvuta wapi?

"Huku na huku."

Amejibu vizuri kuliko kitabu. Hebu fikirieni mmesimama kwenye daladala, dereva anakata kona ya Kamata bila kupunguza. Wote tunalala upande mmoja, mama mwenye ndoo ya samaki anamwangukia mtu mwenye shati jeupe. Hakuna aliyetusukuma. Miili yetu ilitaka kwenda moja kwa moja, gari ndilo lililogeuka, na ule mkono ulioshika bomba la juu ndio ukabeba kazi ya kutugeuza. Nati nayo ni abiria. Kila nukta ya safari yake inataka kwenda moja kwa moja, ringi inailazimisha izunguke, na ringi ikivutwa inavuta ekseli, ekseli inavuta mikono ya huyu kijana. Nati ikiwa juu inavuta juu, ikiwa chini inavuta chini. Ndiyo hiyo "huku na huku" yake.

Nguvu hiyo inategemea vitu vitatu: uzito wa nati, umbali wake kutoka katikati, na mwendo. Viwili vya kwanza vina adabu. Ukiongeza uzito mara mbili, nguvu inaongezeka mara mbili. Umbali vilevile. Mwendo ndio hauna adabu: ukiuongeza mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Nimepiga hesabu nyumbani. Gramu 10 zikiwa sentimita 10 kutoka katikati, kwa mizunguko 1,000 kwa dakika zinavuta kama kilo moja na kidogo. Kwa mizunguko 3,000, kilo 10. Kwa mizunguko 6,000, kilo 40. Nati ni ileile, hii ninayoweza kuisahau mfukoni ikafuliwa na suruali. Kwa mizunguko 6,000 hiyo, zile kilo 40 zinageuza upande mara 100 kila sekunde. Kaa ukiwaza beringi inaishije humo ndani.

Ndiyo maana mteja anakwambia, "Mjini gari linatulia, nikifika Kibaha tu linaanza." Hakuna jini Kibaha. Barabara imefunguka, akakanyaga mafuta.

Dawa yake wazee wetu waliijua kabla ya injini. Waliokuwa wakibeba maji kwa mzega, debe mbele na debe nyuma, hawakumwaga maji ya mbele ili kupata nafuu. Walisawazisha. Kwenye chuma kinachozunguka tuna njia mbili tu: kuongeza uzito upande mwepesi, au kutoboa upande mzito. Na kwa kuwa umbali unahesabika, gramu 5 kwenye sentimita 20 zinafanya kazi ileile ya gramu 10 kwenye sentimita 10. Kwa hiyo toboa mbali na katikati, utakula chuma kidogo.

Kitendawili!

(Tega!)

Ikilala imetulia, ikiamka inagombana na nyumba nzima.

Mmoja amesema mke mwenza. Toeni mji, nawaambia. Ni huu mpini wa ufagio. Nimefunga nati moja huku mwisho, upande wa juu, na nyingine kule mwisho, upande wa chini. Zina uzito sawa. Nauweka juu ya makali ya visu viwili: unatulia. Naugeuza robo: unatulia. Kwa kipimo cha baiskeli, mpini huu hauna kosa. Lakini uzungushe. Nati ya huku inavuta juu wakati ya kule inavuta chini, nusu mzunguko baadaye wamebadilishana, na mpini unapunga mkia kama mbwa aliyeona mwenyewe. Huo ndio ubovu ambao kisu hakiuoni. Unaonekana kitu kikiwa kinazunguka, basi.

Mafundi wa tairi wanaujua, hata kama hawauiti kwa jina. Mbona mashine inawaambia wapige risasi, vile vipande vya uzito, ndani ya ringi na nje ya ringi? Kwa sababu tairi ni pana. Lina huku na kule, kama mpini huu. Na hapa kuna jambo ninalolipenda sana katika kazi yetu: kitu chochote kigumu kinachozunguka, kisichopinda, kiwe kirefu namna gani na kiwe na makosa mangapi ndani yake, unaweza kukisawazisha kwa kusahihisha sehemu mbili tu, moja huku na moja kule. Makosa yawe 20, masahihisho ni mawili. Krenki nayo hivyohivyo, mradi usiiendeshe kwa kasi ya kuipinda.

Mashine ya kusawazisha krenki kwa macho haina maajabu. Viegemeo viwili vyenye roli, mkanda wa kuzungushia, vihisi viwili, na skrini. Krenki inalala juu ya roli kama mgonjwa, unaweka alama moja nyeupe ili mashine ijue sifuri iko wapi, unawasha. Haihitaji kuzunguka kama kwenye gari, mizunguko mia chache inatosha, maana vihisi vinasikia kitu ambacho kiganja chako hakisikii. Halafu inakuandikia, tuseme: kushoto gramu 14, nyuzi 220, kulia gramu 9, nyuzi 45. Imekwambia kiasi na imekwambia mahali.

Hapo ndipo drili inaingia, na hapo ndipo vijana wanaharibu. Tundu la drili ya milimita 12, lenye kina cha milimita 10, linatoa karibu gramu 9 za chuma. Mnasikia? Milimita 10, kina cha ukucha wa kidole gumba. Mtu anaona gramu 14, anashindilia drili mpaka moshi unatoka, ametoa 25. Sasa upande mzito umekuwa mwepesi, anatoboa upande wa pili, amezidisha tena. Nimewahi kupokea krenki imetobolewa kama chujio la nazi. Nikamuuliza aliyeileta, hii mlikuwa mnasawazisha au mnatafuta mafuta? Toboa pungufu, rudisha kwenye mashine, soma, ongeza. Chuma ukishakitoa hakirudi. Kuna wanaorudisha kwa kujaza chuma kizito cha tangsteni kwenye tundu, lakini bei yake wewe na mteja wako hamtaipenda.

Na usimwambie mtu umefikisha sifuri. Sifuri haipo. Kuna viwango vya kimataifa, kimojawapo kinaitwa G6.3, kinatumika sana kwa feni, pampu na mashine za kawaida. Kwa kiwango hicho, kitu cha kilo 10 kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika kinaruhusiwa kubaki na kosa la gramu-milimita 200, yaani sawa na gramu 2 kwenye sentimita 10. Mwendo ukiongezeka, ruhusa inapungua. Nenda kwenye turbo, ile feni ya kushindilia hewa kwenye injini, inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa mizunguko 120,000, sehemu ya kumi ya gramu iliyokaa sentimita moja tu kutoka katikati inavuta kama kilo 16. Kwa hiyo yule anayesafisha feni ya turbo kwa kisu na msasa, kisha anakuja kulalamika kwamba turbo za siku hizi hazidumu, mimi huwa namtazama tu.

Injini nyingi za V zina lao. Krenki yake huwezi kuiweka mashineni tupu, kwa sababu yale mapande yake mazito yamechorwa kubeba pia sehemu ya uzito wa pistoni na konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Lazima uifunge vibano vya uzito uliohesabiwa kwenye shingo zake, vikae badala ya konrodi na pistoni, ndipo uzungushe. Ya silinda 4 au 6 zilizojipanga mstari mmoja inazunguka tupu. Hilo nalipita, leo hakuna V8 hapa uani.

Nataka kukaa kwenye mizani.

Mwaka 1996 nilifungua injini ya Hiace, aina ya 3L, daladala ya Mbagala. Pistoni moja ilikuwa imepasuka. Nikatafuta nyingine mjini, ikapatikana ya mtengenezaji tofauti. Nikapima kipenyo, sawa. Urefu, sawa. Pini, sawa. Nikafunga, nikawasha, ikaunguruma vizuri, nikalipwa, nikaenda kula pilau. Siku ya tatu konda ananifuata: "Fundi, kiti changu kinaimba." Nikapanda. Kweli, dereva akishavuta mwendo, kiti cha konda, kioo cha ubavuni na sarafu kwenye kikombe vyote vinaimba. Nikabadilisha raba zinazoikalisha injini. Kiti kikaimba. Nikabadilisha tena raba, za bei zaidi. Kikaimba. Nikaanza kuisingizia giaboksi, maskini ya Mungu, haikuwa na kosa.

Mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga krenki, sasa ni marehemu, akaniuliza neno moja: "Ulizipima?" Nikamwambia nilizipima, kipenyo ni kilekile. Akasema, "Sikuulizi kipenyo." Nikafungua tena injini, kwa hasara yangu. Nikabeba pistoni kwenye gunia mpaka kwa sonara Kariakoo. Sonara akacheka, mizani yake ya dhahabu haikuweza kubeba hata moja. Nikaishia kwa muuza iliki na mdalasini. Zile tatu za zamani zilikuwa karibu sawasawa. Ile mpya ilizidi kwa gramu 38.

Gramu 38 ni nini? Mfuko mdogo wa karanga. Lakini pistoni ya 3L inatembea milimita 96 kwenda na 96 kurudi, na kwa mizunguko 3,500 zile gramu 38 zinakuwa kama kilo 25 za kutikisa, juu na chini, mara 58 kwa sekunde. Ndizo zilizokuwa zinaimba kwenye kiti cha konda. Nikaipunguza ile pistoni kwa ndani, kidogokidogo, mahali pasipobeba nguvu, mpaka ikalingana na wenzake. Raba zote mbili nilimrudishia mwenye gari hela yake. Tangu hapo karakana yangu ina mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, na haijawahi kupima keki.

Konrodi ina ujanja wake. Kuipima nzima hakutoshi, kwa sababu ina watu wawili ndani yake. Kichwa chake kikubwa kinazunguka na krenki, kichwa kidogo kinapanda na kushuka na pistoni. Konrodi mbili zinaweza kulingana kwa jumla, moja ikawa nzito kichwani na nyingine nzito miguuni. Kwa hiyo unaning'iniza upande mmoja kwa kamba, upande wa pili unaukalisha juu ya mizani, konrodi ikiwa imelala sawa, unasoma. Kisha unageuza. Unatafuta iliyo nyepesi kuliko zote, nyingine unazisaga zifikie hiyo, kwenye yale manundu yaliyoachwa kwa kazi hiyo. Usiguse mwili wa katikati. Mimi natafuta tofauti isizidi gramu moja au mbili. Kazi ya saa mbili na soda moja.

Sasa nije kwenye ule mtetemo msioweza kuutibu, maana najua mna maswali.

Chukueni injini ya silinda 4 ya mstari. Pistoni ya 1 na ya 4 zikiwa juu, ya 2 na ya 3 ziko chini. Mbili zinapanda, mbili zinashuka. Kwa akili ya haraka unasema zinafutana, hesabu imekwisha. Hata mimi nilisema hivyo miaka mingi. Lakini konrodi inalala kwa ubavu katikati ya safari, na ikilala inafupisha kimo. Tuchukue krenki inayopeleka pistoni milimita 90, na konrodi ya milimita 150. Zungusha krenki robo kutoka juu kabisa. Ungetarajia pistoni iwe nusu ya safari, milimita 45. Siyo. Imeshashuka karibu 52. Robo inayofuata inamalizia 38 tu. Maana yake pistoni ina haraka sehemu ya juu na uvivu sehemu ya chini. Zile mbili za juu zinavuta kwenda juu kwa nguvu kuliko zile mbili za chini zinavyovuta kwenda chini. Hazifutani zote, kinabaki kitu, na kitu hicho kinakuja mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa krenki.

Ni kidogo? Mpe kila pistoni na kinachopanda nayo gramu 800, endesha injini hiyo kwa mizunguko 4,000. Kinachobaki ni zaidi ya kilo 700 za kusukuma juu na chini. Pistoni zote zinalingana kwa gramu, krenki imetoka mashineni safi, na bado. Hapo hakuna drili, hakuna raba, hakuna dua.

Aliyelitatua ni Mwingereza, Frederick Lanchester, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliweka mashafti mawili madogo yenye uzito upande mmoja, yanazunguka kwa kasi mara mbili ya krenki, moja likienda huku na jingine likienda kinyume chake. Kwa ubavu yanafutana yenyewe kwa yenyewe, kwa wima yanaungana kusukuma kinyume cha pistoni. Wazo likalala miaka mingi, mpaka Mitsubishi walipolifufua miaka ya 1970, na hata Porsche wakalipia kibali kwao wakaliweka kwenye gari lao la 944. Mjerumani ameomba kwa Mjapani, wanaodharau magari ya Kijapani waandike hapo.

Ninyi mashafti hayo mnayajua kwa jina baya. Pajero na L200 zenye injini ya 4D56. Kuna ule mkanda wa pili, mdogo, nyuma ya taimingi belti, ule mkanda unaopatanisha valvu na pistoni. Kila wiki naletewa gari lenye mkanda huo umetolewa, na fundi amemwambia mwenye gari kwamba "haufanyi kazi yoyote". Unafanya. Sikatai sababu yao: ukikatika, unaweza kujisokota kwenye taimingi belti na valvu zikagongana na pistoni, na hapo mteja anauza gari kwa kilo. Lakini dawa ya mkanda uliozeeka ni kuubadilisha pamoja na mwenzake, siku hiyohiyo. Ukiutoa, injini itaendelea kutembea, ndiyo, huku inatikisa kila kilichofungwa kwa nati. Na ukiurudisha, angalia alama mara tatu. Mashafti yakikaa nje ya alama, yale uliyoyafunga kutuliza yanaanza kuchangia fujo.

Kwa hiyo kabla hujafungua spana, ijue injini iliyo mbele yako. Coaster yenye injini ya 1HZ, silinda 6 mstari mmoja, hizo nguvu za pistoni zinafutana zote, zinazokuja mara moja kwa mzunguko na zinazokuja mara mbili, hata mashafti haihitaji. Coaster ikitetemeka katikati ya mwendo, kuna kitu kimeharibika, kitafute. Kirikuu nyingi na Passo ya lita moja zina silinda 3. Hizo hazirukiruki juu na chini, zinacheza kichwa na mkia, kama ngalawa inayokutana na wimbi la mbele. Kwa kiasi fulani ndivyo zilivyo. Bajaji ina silinda moja, na silinda moja haina mwenzake wa kufutana naye. Pande zito la krenki linafuta karibu nusu ya pistoni. Ukilifanya lifute yote, mtikisiko wa juu na chini utahamia kwa ubavu, abiria atatikiswa kushoto na kulia badala yake. Kioo cha bajaji kitatetemeka mpaka kiama, msimle mtu hela kwa hilo.

Na mtikisiko wa sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, gari limesimama, unaopungua ukikanyaga mafuta, mara nyingi si habari ya uzito kabisa. Hiyo ni silinda isiyochoma: plagi, koili, nozeli. Uzito hufanya kinyume, unazidi kadiri mizunguko inavyozidi. Simama na gari, weka nyutro, pandisha mizunguko. Ukija mtetemo, uko kwenye injini au kitu kilichofungwa nayo. Ukikanyaga klachi ukabadilika, tazama klachi. Na kama unakuja kwenye kilometa 90 kwa saa, uwe gia ya nne au ya tano hauhami, acha injini ya watu. Nenda kwenye tairi na propela, lile shafti refu chini ya gari linalozungusha magurudumu ya nyuma.

Propela tumeziua wenyewe. Imekatwa, imeungwa, imepakwa rangi nyeusi, tayari. Kwanza tazama krosi, vile viungo vyake vinavyopinda, za mbele na za nyuma zimekaa usawa mmoja, maana aliyeunga akizipishanisha, hakuna balansi itakayosaidia. Osha matope. Tafuta mahali palipobonyea. Kama vyote ni salama na huna mashine, chukua vibano viwili vya hozi, vya kukaza kwa bisibisi. Gari liwe juu ya stendi imara, magurudumu ya nyuma hewani, na asiwepo mtu chini wala pembeni, narudia, asiwepo mtu. Funga vyote viwili mwisho wa propela, vichwa vyao pamoja. Endesha, sikiliza. Zima, sogeza robo mzunguko, endesha tena. Kuna upande utakaotulia kuliko mingine. Ukiupata, vitenganishe vile vichwa kidogokidogo, kimoja kushoto na kimoja kulia, kama mabawa. Kadiri vinavyoachana, uzito wenu wa kusahihisha unapungua. Utafika mahali mtetemo umekwisha. Niliwahi kumaliza kazi hiyo hivi kwenye lori la mchanga pale Tegeta, tukaviacha vibano hapohapo.

Jambo la presha pleti, lile bamba la klachi linalokandamiza, nitalisema kwa pumzi moja: kabla hujaifungua, piga alama ya senta panchi kwenye flaiwili, lile gurudumu zito mwishoni mwa krenki, na kwenye presha pleti, mkabala. Kuna zilizosawazishwa pamoja kiwandani. Ukiirudisha imegeuka nusu, umemtengenezea mwenzako ugonjwa, na mara nyingi mwenzako ni wewe mwenyewe mwezi ujao.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sawa. Maswali baadaye, kwanza kazi. Chini ya hiki kitambaa kuna konrodi nne za 3L, nimezipata kwenye injini moja iliyofungwa na fundi wa jijini hapa, simtaji, yupo miongoni mwetu na anajijua. Kuna mizani. Kuna kamba. Binti uliyekaa karibu na drili, njoo wewe. Ning'iniza kichwa kidogo kwenye ule msumari, kichwa kikubwa kiweke mizani. Ngoja kamba itulie, usiiguse. Soma kwa sauti ili mwandishi aandike.

"Mia nane na kumi na mbili."

Ya pili?

"Mia nane na kumi na moja."

Ya tatu.

"Mia nane na kumi na mbili."

Naona kuna mtu ameanza kutabasamu. Ya nne, binti. Polepole.

"Mia nane na thelathini na saba."

Haya, grenda iko wapi? Na aliyezifunga asogee mbele, yeye ndiye atakayesaga.